Nilipata 18 kwa 20 kwa hesabu ya Nernst, halafu nikaua betri ya shangazi

Wale mmekuwa hapa tangu mwaka jana mnaikumbuka ile vidio yangu ya betri za sola. Nimesimama mbele ya duka la shangazi, nimeshika tester, nikisema kwa ujasiri wote: "Betri ikisoma 12, bado iko na zaidi ya asilimia tisini. Tumia bila wasiwasi." Ilitazamwa mara elfu arobaini na kitu. Kwangu hiyo ni nyingi sana.

Ile vidio ni uongo. Sikukusudia kudanganya mtu, lakini ni uongo, na wa kwanza kuulipia alikuwa shangazi mwenyewe.

Najua kuna mtu ameshaanza kuandika ati hii ndiyo shida ya kufunzwa sayansi na mtu aliyeacha chuo. Ngoja kidogo. Kitu kilichoniangusha nilifunzwa nikiwa bado chuoni, mwaka wa kwanza, kabla sijatoka. Kinaitwa mlinganyo wa Nernst. Nilikifanyia CAT nikapata 18 kwa 20, na zile mbili zilipotea kwa sababu nilisahau kuandika volti mwisho wa jibu. Hesabu niliijua. Shida yangu ilikuwa kwingine, na ndiyo nataka tuiongee.

Shangazi ana kioski kijijini, mbali kidogo na Mwingi, mahali nguzo za stima zimefika lakini waya wa kwenda kwake haujafika. Anauza mkate, sukari, sabuni, na anachajia watu simu, bob ishirini kila simu. Siku za soko zinaweza kuwa simu thelathini. Alipata paneli na betri ya 100 Ah, ile ya asidi yenye vifuniko sita juu, na mimi kwa sababu ndiye "wa sayansi" kwa familia nikaenda kumfungia. Nilipitia Luthuli Avenue nikanunua kile kisoma-volti kidogo cha namba nyekundu, nikakipachika kwa ubao juu ya kaunta. Kilikuwa kinapendeza kweli.

Akaniuliza swali la maana kabisa: "Sasa mwanangu, nitajuaje imeisha?"

Nikafikiria kama sekunde tano. Betri ikijaa inasoma 12.7. Ikisoma 12, basi 12 gawanya kwa 12.7 ni 0.94. Nikamwambia asilimia tisini na nne, shangazi, bado iko mbali. Hata ikifika 11.8 usijali. Halafu nikatoa simu nikarekodi vidio, kwa sababu nilihisi nimesema kitu cha akili.

Akafuata nilivyosema. Huyo mama anafuata maagizo kuliko mtu yeyote ninayemjua. Kila jioni alikuwa anaacha simu zikichaji hadi namba ifike 11.8, analala, asubuhi jua linaanza kuirudisha. Wakati wa mawingu haikuwa inarudi hadi juu, lakini namba ilisoma 12.1, 12.2, na kwa hesabu yangu hiyo ni karibu imejaa. Miezi saba tu. Kisha ikaanza kuzima saa mbili usiku, halafu saa moja, halafu ikawa haiwezi kumaliza hata simu tano.

Nilisafiri. Tukaibeba betri kwa boda hadi kwa fundi mmoja mjini. Huyo mzee hakushika tester kwanza. Alifungua vifuniko vyote sita, akatoa haidromita, ile bomba ya kioo yenye mpira juu na kielea ndani, akanyonya asidi kidogo kutoka seli ya kwanza. Kielea kikazama. Akasoma bila nukta, wanavyosoma mafundi: 1120. Seli ya pili 1120. Tatu vilevile. Seli ya tano ilikuwa 1050, karibu maji matupu. Akanionyesha kadi chafu iliyobandikwa ukutani: 1265 imejaa, 1190 nusu, 1120 imeisha.

"Kijana, nani aliwaambia 12 ni full?"

Nikanyamaza. Shangazi alikuwa amesimama hapo. Alikuwa anajua jibu, na hakunitaja. Alisema tu, "Tulikuwa tunaangalia namba."

Nimewaza hiyo sentensi sana kuliko kitu chochote nilichoambiwa mwaka huu.

Sasa twende kwa kemia, na nitajaribu kuieleza vile ningetaka nielezwe mimi.

Kama ulifanya kemia Fomu Foo, unaijua ile orodha ya potenshali za redoksi. Redoksi ni biashara ya elektroni: mmoja anatoa, mwingine anapokea. Orodha inakuambia nani anapenda kupokea kuliko nani. Shaba iko +0.34, zinki iko −0.76, na hidrojeni wamekubaliana wakaipa sifuri ili wengine wapimwe kwayo. Ukiunganisha zinki na shaba, kila moja ikiwa kwa maji ya chumvi yake, unatoa moja kwa nyingine unapata volti 1.10. Mwingereza John Frederic Daniell alitengeneza betri ya hivyo mwaka wa 1836 na imekuwa mfano wa vitabu hadi leo.

Lakini zile namba za orodha zina sharti ambalo tunalisoma haraka tukipita: kila kitu kiwe na ukolezi wa moli 1 kwa lita, joto nyuzi 25. Hiyo ndiyo maana ya kale kaduara kadogo juu ya E. Na betri ikianza tu kufanya kazi, sharti linavunjika. Ioni za shaba zinapungua kwa sababu zinageuka kuwa chuma, ioni za zinki zinaongezeka. Ile 1.10 ni picha ya betri kabla haijafanya kazi yoyote.

Walther Nernst, Mjerumani, alichapisha mlinganyo wake mwaka wa 1889. Alikuwa na miaka 25 hivi, si mbali na umri wangu, na mimi nilikuwa natengeneza vidio za uongo. Baadaye, 1920, alipewa tuzo ya Nobel ya kemia kwa kazi yake ya joto na kemia. Mlinganyo wenyewe kwa nyuzi 25 unaandikwa hivi:

E = E° − (0.0592 ÷ n) × log Q

E° ni ile namba ya orodha. n ni idadi ya elektroni zinazohama. Q ni uwiano: vilivyotengenezwa juu, vinavyotumika chini. Hiyo 0.0592 si uchawi, inatoka kwa joto na kwa chaji ya elektroni: chukua 8.314, zidisha kwa 298, gawanya kwa 96,485, halafu zidisha kwa 2.303 ili uhamie logi ya kumi.

Swali la CAT lilikuwa kama hili. Zinki iko moli 1, shaba imebaki moli 0.001. Tafuta volti. Q ni 1 gawanya kwa 0.001, yaani 1000. Logi ya 1000 ni 3. n ni 2, kwa hivyo 0.0296 mara 3 ni 0.089. Toa kwa 1.10. Jibu: 1.01. Usisahau volti.

Nilifanya hivyo kwa dakika mbili nikaendelea na swali la pili. Sasa rudi uangalie lile jibu tena, kwa sababu mimi sikuwahi kuliangalia. Shaba imetoka 1 hadi 0.001. Katika kila ioni elfu, mia tisa tisini na tisa zimeenda. Hiyo betri imekufa. Na tester inasoma 1.01 badala ya 1.10! Imepungua kwa asilimia nane pekee. Mtu akifanya hesabu yangu ya kioski, 1.01 gawanya kwa 1.10, atakuambia bado iko na tisini na mbili.

Jibu la swali la shangazi lilikuwa kwa karatasi yangu ya mtihani, kwa mwandiko wangu, na tiki ya mwalimu pembeni.

Vile naielewa sasa ni hivi. Volti ya betri imeundwa kwa sehemu mbili ambazo hazilingani hata kidogo. Sehemu kubwa, E°, inakuambia betri imetengenezwa na nini. Haikuambii imebaki kiasi gani. Ndiyo maana ile betri nono ya tochi kubwa na ile nyembamba ya rimoti zote zimeandikwa 1.5V, na moja ina chakula mara nyingi kuliko nyingine. Habari ya kiasi iko kwa sehemu ya pili pekee, ile ya logi, na logi ni bahili. Ukolezi ukishuka mara kumi nzima, logi inabadilika kwa moja tu, na wewe kwa tester unaona milivolti 59 gawanya kwa idadi ya elektroni. Kwa zinki na shaba, 29.6. Ukitaka ile betri ya Daniell ifike sifuri kabisa kwa mlinganyo, Q inafaa ifike moja yenye sifuri thelathini na saba nyuma yake. Hakuna atakayengoja hiyo namba.

Kwa hivyo kugawanya volti iliyoko kwa volti ya mwanzo ni kama kupima mafuta ya lori kwa kulipima uzito lote pamoja na mizigo na dereva. Tofauti iko, lakini ni ndogo kuliko jicho lako lilivyozoea kutafuta.

Betri ya shangazi si ya zinki, ni ya risasi na asidi, ile Mfaransa Gaston Planté aliibuni 1859. Upande mmoja kuna madini ya risasi, upande mwingine oksidi ya risasi, katikati asidi ya salfuri. Ikitoa umeme, pande zote mbili zinageuka kuwa salfeti ya risasi, na asidi inaliwa huku maji yakizaliwa. Hapo ndipo haidromita ya fundi inaingia. Asidi ni nzito kuliko maji. Ikiliwa, kioevu kinakuwa chepesi, kielea kinazama. Yule mzee alikuwa anapima moja kwa moja kitu ambacho Nernst anakiweka ndani ya Q.

Seli moja ina E° ya takriban 2.04. Kuna seli sita, hiyo ni 12.24. Ikijaa, asidi ni kali, kama moli 5 kwa lita, kwa hivyo volti inapanda juu ya hapo hadi 12.7 hivi. Ikiisha asidi imebaki kama moli 2 na inasoma 11.8 au 11.9. Safari nzima, kutoka kushiba hadi njaa, ni chini ya volti moja. Nusu iko karibu 12.2. Na 12.0, ile niliyoiita tisini na nne, ni kama robo.

Nilipokuwa kwa matatu narudi Nairobi nilijaribu kuipiga kwa kalkuleta ya simu, na ikakataa. Kwa moli 5 nilipata 12.74, sawa kabisa, nikafurahi. Kwa moli 2 nikapata 12.45. Lakini betri halisi inasoma nusu volti chini ya hiyo! Nilidhani nimesahau kitu, na kweli nilikuwa nimesahau. Nernst hataki ukolezi wa kuhesabu, anataka ule unaofanya kazi, wenye kemia wanauita aktiviti. Ioni zikiwa zimesongamana kama abiria wa saa kumi na mbili jioni, kila moja haifanyi kama iko peke yake. Kwa asidi kali kama hii, kutoka moli 5 hadi 2, aktiviti inashuka kwa kasi kuliko namba ya moli inavyoonyesha, na hata maji yenyewe, ambayo darasani tunayapuuza, hapa yanahesabika. Ukitumia aktiviti zilizopimwa, kushuka kunatoka kama volti 0.88 kwa seli zote sita. Hiyo inakubaliana na tester. Nilikaa nayo usiku mzima na nitakiri niliona raha, raha ambayo sikuwahi kuiona nikifanyia alama.

Kuna kosa la pili ndani ya vidio na hilo hakuna aliyeliona kwa komenti. Nilipima saa saba mchana, paneli ikiwa imeunganishwa na jua linawaka. Mlinganyo wa Nernst ni wa betri iliyotulia, hakuna umeme unaoingia wala kutoka. Ikichajiwa, namba inapanda juu ya ukweli, 13 na kitu, hata 14. Ikitumika, inashuka chini ya ukweli. Ukitaka namba ya kuaminika tenganisha kila kitu uiache masaa kadhaa, ama upime alfajiri kabla ya jua, kama hakuna kitu kilikuwa kinatumia usiku. Namba ya mchana ni kama kumuuliza mtu ana pesa ngapi akiwa bado anahesabiwa mshahara mkononi.

Na kwa nini ilikufa badala ya kuisha tu ichajiwe tena? Ile salfeti ya risasi ikiwa changa inarudi kuwa risasi ukichaji. Ukiiacha betri ikiwa na njaa siku baada ya siku, inageuka fuwele kubwa ngumu ambazo chaja haiwezi tena kuzivunja vizuri. Fundi alisema "imeganda." Sijui neno bora.

Sasa maoni yangu, maana hii ni kurasa ya maoni. Sisemi chuo ni bure. Kama singepita darasa lile nisingejua hata pa kuanzia kutafuta kosa langu. Lakini nilipewa alama 18 kwa kuonyesha kwamba naweza kuweka namba ndani ya fomula, na hakuna swali lililoniuliza: hii betri iko na uhai kiasi gani? Swali moja la nyongeza, alama mbili tu. Tulikuwa watu zaidi ya mia kwa ukumbi ule. Naamini wengi wetu tungeandika asilimia tisini na mbili, na mwalimu angejua siku hiyohiyo kwamba hatujaelewa logi ni nini. Yule fundi hajui jina la Nernst, nilimuuliza. Lakini huwezi kumdanganya kwamba 12 ni full, kwa sababu yeye amewahi kuona asidi ya betri inayosoma 12.

Mimi nilikuwa na fomula bila betri. Na nikaongeza kamera.

Kuhusu vidio: wengi mmeniambia nifute. Sijaifuta. Nimebadilisha maandishi yake yaanze na neno MAKOSA, na nimebandika komenti ya masahihisho juu kabisa. Nikifuta, wale waliokwisha kuifuata hawatajua. Wawili wameniandikia inboksi. Mmoja ana betri ya kupampu maji ya mboga na alikuwa amefikisha 11.7 mara nyingi. Nimemwambia aende kwa fundi mwenye haidromita, asinisikize mimi. Wa pili alinitukana, na sikujibu, maana alikuwa na haki.

Kama una betri ya asidi ya volti 12 nyumbani, chukua hizi kama makadirio, ikiwa imetulia: 12.7 imejaa, 12.4 robo tatu, 12.2 nusu, 12.0 robo, 11.9 kushuka chini imeisha. Ikifika 12.2 acha kuitumia. Kama ina vifuniko, pima asidi, ni bora kuliko volti, na vaa miwani na glavu, hiyo kitu inachoma ngozi. Betri za lithiamu zina namba zao tofauti, msizichanganye na hizi.

Shangazi ana betri nyingine. Tuliinunua kwa deni, elfu kumi na nne, na deni ni langu. Nimeshalipa elfu nane. Amebandika kipande cha plasta nyeupe kando ya kile kisoma-volti na kuandika 12.2 kwa biro. Jana alinipigia saa kumi na mbili asubuhi, akanisomea 12.6, akaniuliza kama hiyo ni namba ya kweli ama ni ile yangu.